Kasha la Mninga

Juu ya meza yangu, nyumbani Tanga, pana kasha la mninga. Urefu wake ni sentimita 45, kina chake sentimita 42 na upana wake sentimita 22. Mgeni akiliona kwa mara ya kwanza hudhani ni sanduku la hati za ukoo, au redio ya zamani iliyoteremshwa kutoka darini. Akikaa kimya kidogo husikia mvumo wa feni, na hapo ndipo huuliza. Humo ndani mna kompyuta, nayo ndiyo ninayoitumia kuandika kurasa hizi.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini mtu ajisumbue kuchonga kasha la kompyuta ilhali ya bati na plastiki yamejaa madukani, tena kwa bei nafuu. Jibu langu la mkato ni kwamba nimestaafu, na mzee asiye na kazi huitafuta. Jibu la kweli ni refu zaidi. Linaanzia kwenye karakana ya baba yangu, linavuka bahari hadi California, kisha linarudi nyumbani.

Baba alikuwa seremala. Riziki yake ilikuwa milango, vitanda na viti, lakini nilipokuwa mtoto nilimwona siku moja akifanya kazi ya namna nyingine. Jirani yetu alikuwa na redio kubwa ya valvu. Ilianguka, kasha lake la bakelaiti likapasuka vipande vipande. Fundi wa redio akaikagua, akasema mashine ni nzima ila imekosa nyumba. Basi ikaletwa kwa baba. Alipima, akakata mbao za mvule, akatoboa mahali pa spika na kupafunika kwa kitambaa, akaacha matundu nyuma ili joto la valvu litoke. Redio iliporudi kwa mwenyewe, mama wa nyumba ile aliitandikia kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Tangu siku ile watu hawakuitaja tena kwa jina la kiwanda kilichoitengeneza. Waliiita redio ya fundi, wakimaanisha baba.

Sikujua wakati ule kwamba baba alikuwa akirudia jambo lililokwisha kutokea kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Atwater Kent ya Philadelphia, Marekani, iliuza redio ambazo sehemu zake zote zilifungwa juu ya ubao mtupu, wazi, waya na valvu zikionekana. Zilikuwa vyombo vya watu wanaopenda kuchokonoa mitambo. Redio ilipotaka kuingia sebuleni, ilibidi ivishwe nguo, na nguo iliyokuwa karibu ni ile ya makabati na meza, yaani mbao. Plastiki ilikuja kushika nafasi hiyo baadaye. Mtambo mgeni huomba ruhusa ya kukaa na watu kwa kuvaa kama wenyeji wake.

Kompyuta ilichelewa kuomba ruhusa hiyo, kwa sababu kwa muda mrefu haikuwa na haja ya kukaa na watu. Ilikuwa na nyumba yake. Kwetu Tanzania kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ulikwenda mrama na kugharimu fedha nyingi, na mwaka 1974 ikatolewa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini bila ya kibali maalumu. Nchi ilikuwa maskini, mafuta yalikuwa yamepanda bei, na viongozi waliona kwamba fedha za kigeni zina kazi nyingine. Sitawalaumu kwa kuogopa chombo kilichokwisha kuwatia hasara.

Lakini matokeo yake niliyaona kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa karani katika shirika moja la umma lililokuwa na kompyuta kwa kibali. Ilikaa katika chumba chenye kiyoyozi, mlango umefungwa, funguo kwa mtu mmoja. Sisi makarani tulipitisha karatasi zetu dirishani, na baada ya siku kadhaa tukaletewa majibu kwenye karatasi pana zenye matundu pembeni. Majibu yakiwa na makosa, hakuna aliyethubutu kusema mashine imekosea. Nilifanya kazi pale miaka mingi, na sikuwahi kujua ndani ya mashine ile mna nini. Niliiheshimu kama mtu anavyomheshimu mkubwa asiyemfahamu.

Miezi michache tu baada ya sisi kufunga mlango wetu, upande wa pili wa dunia kulikuwa na watu wakifungua wa kwao. Tarehe 5 Machi 1975, katika banda la gari la Gordon French huko Menlo Park, California, walikutana watu wapatao thelathini waliotaka kuwa na kompyuta nyumbani. Chama chao kikaja kuitwa Homebrew Computer Club. Wakati huo kulikuwa kumetoka mashine iliyoitwa Altair, iliyouzwa kama vipande vya kuunganisha mwenyewe. Septemba mwaka huohuo ikaanza kuuzwa chipu ya 6502 kwa dola 25 tu. Mmoja wa wanachama, Steve Wozniak, aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni ya Hewlett-Packard, aliijengea bodi chipu hiyo. Mwaka 1976 yeye na rafiki yake Steve Jobs wakaanza kuiuza bodi hiyo kwa jina la Apple.

Hapo ndipo useremala unapoingia. Mwenye duka mmoja wa Mountain View, Paul Terrell, aliagiza kompyuta 50 kwa dola 500 kila moja. Alitarajia mashine kamili. Alicholetewa ni bodi tupu zenye chipu: hazina kibodi, hazina transfoma, hazina kioo, hazina kasha. Alizipokea hivyohivyo. Dukani kwake, lililoitwa Byte Shop, alitafuta seremala wa karibu akamchongea makasha ya mti wa koa, ambao ni mti wa Hawaii wenye rangi nzuri ya asali. Wanunuzi wengine walichukua bodi zao kwa dola 666 na senti 66, wakaenda nazo nyumbani na kutafuta ubao wenyewe. Zilitengenezwa Apple I zipatazo 200 tu, na makasha yake hayafanani, kwa kuwa kila moja lilitoka kwenye banda la mtu wake na msumeno wake. Moja imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Kasha lake ni la mbao, na usoni mwake jina la kampuni limekatwa kwa mkono. Jina la mtambo liliandikwa na mnunuzi!

Mwaka huohuo wa 1976 ilitoka kompyuta nyingine iliyoitwa Sol, ambayo ubavuni ilifungwa mbao za jozi, mti wa kahawia wa nchi za baridi. Aliyeisanifu, Lee Felsenstein, alikuwa amesoma kitabu cha Ivan Illich kilichotoka mwaka 1973 kuhusu zana ambazo watu wa kawaida wanaweza kuzitawala badala ya kutawaliwa nazo. Felsenstein aliamini kwamba kompyuta itadumu mahali ambapo watumiaji wake wanaielewa na wanaweza kuitengeneza. Nilipoyasoma hayo nikiwa mtu mzima niliukumbuka mlango wa shirika letu na yule mtu mmoja mwenye funguo.

Zama za mbao hazikudumu. Mwaka 1977 Apple II ilitoka ndani ya kasha la plastiki lililosanifiwa na Jerry Manock, laini, lenye rangi ya maziwa, na kila moja sawa na mwenziwe. Mwaka huohuo mashine ya michezo ya Atari ilitoka na plastiki iliyochapwa mistari ya mbao, kama mtu anayevaa kanzu ya kuazima ili aingie harusini. Mwaka 1979 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ikatunga kanuni za kuzuia kompyuta kuvuruga redio na televisheni za majirani, na mbao peke yake haziwezi kuzuia mawimbi hayo. Mashine za mbao zikawa mchezo wa watu wachache. Yasemwa kwamba mwalimu mmoja wa chuo California aliuza Apple I yake yenye kasha la koa kwa mwanafunzi wake mwaka 1977, kwa dola 650, ili apate kununua Apple II. Novemba 2021 mashine ileile iliuzwa mnadani kwa dola 400,000.

Mimi sikuwa na bodi ya mnadani. Nilikuwa na kompyuta ya kawaida ambayo kasha lake la bati lilikuwa limeliwa na chumvi ya pwani. Kutu ilianzia kwenye kona za chini, ikapanda hadi kwenye skrubu, na siku moja upande mzima ukang'oka mkononi mwangu. Bodi ilikuwa nzima. Nikakumbuka maneno ya fundi wa redio: mashine ni nzima ila imekosa nyumba.

Nikaingia kazini kwa ujuvi wa mtoto wa seremala. Nilinunua mbao mpya za mninga sokoni wakati wa masika, nikazipiga randa, nikaziunga kwa gundi na skrubu pande zote nne, nikazibana barabara. Kasha lilipendeza. Niliwaita hata majirani waje kulitazama. Kilipofika kiangazi, usiku mmoja nilisikia mlio kama wa kijiti kinachovunjwa. Asubuhi niliona ufa kutoka juu hadi chini, na mlango wa ubavuni umepinda hauingii tena mahali pake.

Nililibeba kasha hadi kwa fundi mmoja kijana wa mtaani. Aliniamkia, akaligeuza mara mbili, akatabasamu kwa adabu.

"Mzee wangu, mti huu ulikuwa mbichi. Halafu umeufunga pande zote kama mfungwa. Mti hata ukishakatwa unapumua. Masika unavimba, kiangazi unasinyaa. Usipoupa nafasi, utaitafuta wenyewe."

Nilijua hayo. Nilikuwa nimeyasikia kwa baba mara mia, na sikuyasikiliza hata mara moja. Fundi akanishauri nitafute mbao kuukuu zilizokwisha kukauka miaka mingi. Mbao za namna hiyo nilikuwa nazo mahali pamoja tu. Katika chumba cha nyuma palikuwa na kitanda cha mninga alichokichonga baba kabla sijazaliwa. Miguu miwili ilikuwa imeliwa na mchwa, na hakuna aliyekilalia kwa muda mrefu, lakini hakuna aliyethubutu kukitoa.

Sikukikata siku ile, wala wiki ile. Kuna aina ya heshima ambayo hukiacha kitu kioze mahali pake, tukidhani tunakitunza. Mwishowe nilimwuliza dada yangu mkubwa. Akasema, "Baba hakupenda kuona mbao imekaa bure." Basi tukakifungua kitanda pamoja. Viungo vyake vilikuwa vya tundu na ulimi, havina hata msumari mmoja, na vilipoachana tuliona alama za penseli ambazo baba aliziandika ili ajue ulimi upi unaingia tundu lipi. Tulizitazama kwa muda.

Kasha la pili nililifanya kwa unyenyekevu. Bodi za kompyuta za aina yangu hufuata vipimo vilivyotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995: milimita 305 kwa 244, na matundu ya skrubu mahali palepale. Jambo hili ni neema kwa mtu wa nyumbani, maana kasha likichongwa sawa leo, bodi ya kesho nayo itaingia. Nilichonga fremu imara, na bapa za ubavuni nikazipitisha kwenye mifereji bila gundi, zikiacha nafasi ya milimita mbili kila upande ili mti upumue. Matundu ya skrubu za mbao nilizitoboa marefu kidogo, ili mbao ikisogea isivutane na skrubu.

Joto lilitaka fikira zake. Bati huusaidia mtambo kupoa, lakini mbao hulishikilia joto kama blanketi. Kwa hiyo hewa ni lazima ipewe njia. Niliweka feni ya milimita 120 chini mbele, ikivuta hewa ya baridi kupitia wavu wa kuzuia vumbi, na nyingine juu nyuma, ikitoa hewa ya moto. Hewa ya moto hupanda yenyewe, na fundi mwerevu huifuata inakotaka kwenda. Baba alilijua hilo alipotoboa matundu nyuma ya redio ya jirani.

La tatu ni umeme, nalo halina mzaha. Mbao haipitishi umeme, na wengine hudhani hiyo ni salama ya kutosha. Kile kisanduku cha bati kinachogawa umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, ni lazima kipate waya wa ardhi kupitia plagi ya miguu mitatu. Bodi yangu niliifunga juu ya bamba la alumini kwa vishikizo vya shaba, na bamba likaunganishwa na ardhi hiyohiyo.

Nilipowasha kwa mara ya kwanza, redio ndogo ya chumbani ikaanza kukwaruza na kupiga miluzi. Nilikasirika, kisha nikacheka. Mwaka 1975, kwenye mkutano wa kile chama cha California, mwanachama aitwaye Steve Dompier aliweka redio karibu na Altair yake, akaendesha programu aliyoipanga ili kelele za namna hiyo zitoke kama wimbo. Wenziwe walisimama wakamshangilia. Kero yangu ilikuwa muziki wao. Hata hivyo nilipenda taarifa ya habari kuliko muziki, nikapaka upande wa ndani wa kasha vazi la karatasi nene ya alumini, nikaliunganisha na bamba. Miluzi ikapungua, na nikaielewa ile kanuni ya mwaka 1979 kuliko ambavyo kitabu kingenieleza.

Sipendi kuyasifu mambo ya kale kupita kiasi. Kama kompyuta zingebaki kwenye makasha ya koa na jozi, zisingenifikia mimi wala wewe msomaji. Plastiki na viwanda vikubwa ndivyo vilivyoshusha bei, na misitu ya mninga isingetosha kuivisha kila mashine duniani. Tayari mninga mzuri umeadimika. Wala simwambii kijana aache masomo yake akachonge kasha.

Ninachokisikitikia ni kitu kingine kilichoondoka pamoja na mbao. Steve Jobs alieleza kwamba baba yake mlezi alimfundisha kuchonga vizuri hata mgongo wa kabati, usioonekana na mtu. Kampuni yake ilipotoa Macintosh mwaka 1984, ndani ya kasha la plastiki kulikuwa na sahihi za watu walioiunda, zilizochapwa kwenye ukuta wa ndani. Ni jambo la fundi wa kweli. Lakini kasha lenyewe lilifungwa kwa skrubu za aina ya peke yake, nyingine zikiwa zimezama mbali, hata mwenye mali asiweze kulifungua kwa bisibisi ya nyumbani. Majina yale yaliandikwa mahali ambapo mnunuzi hakukusudiwa kufika. Tangu hapo milango imezidi kufungwa. Simu niliyonayo mfukoni imegandishwa kwa gundi, na betri yake ikichoka ni lazima niende kwa mwenye vifaa. Naona nimerudi pale dirishani na karatasi yangu mkononi.

Ndiyo maana mlango wa kasha langu nimeutia bawaba mbili za shaba na kitasa cha mbao, bila ya kufuli. Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka minane, huufungua akitaka. Nilimfundisha kuchomoa plagi kwanza. Anajua feni ipi inavuta na ipi inatoa, na juzi aliniuliza ile chipu kubwa iliyo chini ya kipozeo hufanya kazi gani. Nilimweleza nilivyoweza. Aliposikia kwamba inafanya hesabu, aliuliza ikikosea nani huisahihisha. Ningalikuwa na ujasiri wa kuuliza swali hilo mwaka 1982!

Upande wa ndani wa mlango ule nimeuacha bila vanishi, kwa sababu pale pana alama ya penseli ya baba, mistari miwili na duara. Chini yake nimeandika tarehe ya kazi na jina la mti. Chini yangu nafasi ipo.